Pambano la Ndama Lilistahili Sifa Zake

Mwaka huu nilipokuwa naenda nyumbani nilisimama Rubwera, nikaingia kwenye mgahawa mmoja nipate chai na chapati kabla ya kupanda bodaboda. Vijana wa bodaboda walikuwa wameizunguka simu moja, wanatazama pambano la zamani la ngumi za uzito wa juu, lile la picha zisizo na rangi. Mmoja akasema pambano hilo linasifiwa bure, mabondia wenyewe wanakumbatiana kama watu wanaoagana stendi. Mwenzake akacheka. "Basi ni kama lile la Ndama. Wazee wanatuambia ardhi ilitikisika, mtu akalala siku tatu. Chumvi tupu!"

Nikaweka kikombe mezani. "Wanangu, lile la Ndama mimi nililiona."

"Shikamoo mama," wakaitikia wote kwa pamoja, kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia.

Basi, rafiki yangu, nikusimulie na wewe kama nilivyowasimulia wao.

Nililelewa na bibi yangu pale Ndama, kijiji cha mlimani, katika shamba la migomba iliyobanana hata jua lilitufikia vipande vipande. Msimu wa kahawa uwanja wote ulifunikwa mikeka, na kazi yangu ilikuwa kugeuza kahawa na kufukuza kuku. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye maharage. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mlima ule walipokelewa na mikono yake, na alipopita njiani hata wazee wenye mvi walimsalimia kama watoto.

Jirani yetu alikuwa mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuona. Mama yake alitoka Burundi akiwa na mimba, akaja kufanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa, akajifungulia hapo hapo. Jirani alikua, akawa mkamuaji wa ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kama hukuwahi kuona kazi hiyo, ndizi mbivu zinamwagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi, yaani gogo lililochongwa katikati, kisha mtu anaingia kuzikanyaga kwa miguu mpaka maji yake matamu yatoke. Jirani alikanyaga kwa mdundo, kisigino, vidole, kisigino, jasho linamtiririka, na sisi watoto tulipiga makofi tukisubiri kuonjeshwa kabla hayajachachushwa kwa mtama. Pombe yake ilinywewa kila harusi. Lakini yeye mwenyewe harusini hakukalishwa. Alibeba mitungi, akaiweka, akasimama nje karibu na jiko mpaka aitwe kubeba tena. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilipozungushwa kwa wageni, kilimruka. Walimwita mtu wa kuja. Hakuna aliyelisema kwa ukali. Lilisemwa tu, kama mtu anavyosema kuna mawingu.

Upande wa Rubwera kulikuwa na mwenye bucha aliyewahi kucheza ngumi jeshini. Alikuwa na shingo ya fahali na sauti ya kuita wateja mpaka bonde la pili. Siku za gulio alitangaza kwamba Ndama hakuna mwanamume, kuna migomba tu. Maneno hayo yalitembea, yakafika, yakauma. Mwalimu wetu wa michezo, aliyekuwa na glovu alizozileta kutoka chuoni, akasema maneno ya gulioni tutayamaliza uwanjani, kwa sheria, mchana kweupe, baada ya ibada ya Jumapili.

Wakakutana watu shuleni kuchagua wa kuwawakilisha. Nilikuwepo, nimeshika kanga ya bibi. Kila mtu aliangalia chini, kwa sababu kila mtu alijua ni nani mwenye mwili wa kusimama na yule mchinja ng'ombe. Mwisho mwalimu akamtaja jirani. Mzee mmoja mwenye shamba kubwa la kahawa akainuka.

"Nguvu anazo, sikatai," alisema. "Lakini atasimama kwa jina la Ndama kwa lipi? Huyu ni mtu wa kuja."

Jirani alikuwa amesimama nyuma mlangoni, mahali pake pa siku zote. Nilimwona akigeuka ili aondoke.

"Wewe, rudi," bibi akasema. Kisha akamgeukia yule mzee, akamwita kwa neno letu la heshima. "Waitu mzee, wewe nani alikupokea duniani?"

"Mama yako mzazi, mama."

"Na kitovu chako kiko wapi?"

"Kwetu. Chini ya mgomba."

"Sawa. Na huyu nilimpokea mimi. Mikono hii ilikata kitovu chake, mikono hii ikakifukia chini ya mgomba, kwenye shamba langu mwenyewe, kwa sababu mama yake hakuwa na shamba. Mgomba ule mmekula ndizi zake, mmekunywa pombe yake. Sasa mniambie, mtu ambaye kitovu chake kiko Ndama, yeye ni wa wapi?"

Yule mzee alikaa polepole. Bibi akamwendea jirani, akalazimika kuinua uso kabisa ili amwone. "Mwanangu, mimi sipendi ngumi. Ukienda kwa hasira, usipite tena uani kwangu. Ukienda kwa heshima, nitakuja kukutazama."

"Nitakwenda kwa heshima, mama," akasema.

Jumapili ile walikuja watu kutoka Kiruruma, kutoka Rubwera, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu tangu alfajiri, bado wamevaa nguo za kanisani. Uwanja wa shule ulizungushiwa kamba za migomba. Raundi zilipimwa kwa kugonga rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shule. Mwenye bucha aliingia na kaptula inayong'aa, akiruka ruka. Jirani aliingia na suruali aliyoikunja mpaka magotini, ile ile ya kazini, miguu mitupu.

Sasa hapa niseme ukweli, kama nilivyowaambia wale vijana. Ardhi haikutikisika. Hakuna aliyelala siku tatu. Raundi ya kwanza jirani alipigwa, na alipigwa vizuri, mdomo ukapasuka. Watu wa Rubwera waliimba. Upande wetu nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Si nilisema." Raundi ya pili akapigwa tena. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, sijui alikuwa anasali au anahesabu makosa.

Ndipo mwanamke mmoja, ambaye kila mwaka alileta ndizi zake kukamuliwa, akapaza sauti. "Kanyaga! Kanyaga kama ndizi!"

Wakacheka watu. Lakini jirani alisikia. Niliiona miguu yake ikibadilika: kisigino, vidole, kisigino. Makofi yakaanza, kwanza sisi watoto, halafu kina mama, halafu uwanja mzima wa Ndama ukawa unapiga mdundo ule wa kwenye mtumbwi. Ngumi za mwenye bucha zikaanza kupiga upepo. Kila akirusha, mtu hayupo. Na jirani akaanza kumjibu, mbavuni, begani, mbavuni. Kuanzia hapo wote wawili walichoka vibaya sana. Walikumbatiana, wakasukumana, wakahema kama fahali wawili kwenye matope. Uzuri wa mchezo haukuwepo. Lakini kulikuwa na sauti moja, na nilipogeuka kutazama inatoka wapi, alikuwa yule mzee wa kahawa, kofia mkononi, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele, "Wa kwetu! Mpige, wa kwetu!"

Rimu iligongwa mara ya mwisho wote wawili wakiwa wamesimama. Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Akainua mkono wa mwenye bucha, kwa sababu ya zile raundi mbili za mwanzo.

Ndiyo, rafiki yangu. Tulishindwa. Hilo wazee huwa hawalisemi. Sisi tulikwisha kuruka kamba, tukamwinua jirani mabegani, na mwenye bucha, jicho moja limefunga, akapenya katikati ya watu mpaka akamfikia, akamshika mkono. Akatugeukia wote. "Gulioni nilisema Ndama hakuna mwanamume," akasema kwa sauti ile ile ya kuuzia nyama. "Nimeyafuta."

Mavuno yaliyofuata kulikuwa na harusi. Jirani alileta mitungi, akaiweka, akaelekea nje kama kawaida. Yule mzee wa kahawa akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi kwa kiganja. "Kaa," akamwambia, na kumpa kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Bibi alijifanya hakuona. Usiku huo aliimba akiwa anapika, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuimba.

Wale vijana waliponisikia mpaka mwisho, mmoja aliuliza, "Kwa hiyo mama, lilistahili au halikustahili?" Nikamwambia: kama ngumi, halikustahili hata kidogo. Kama siku, sijaona nyingine. Na ninajivunia kwamba nilikuwa mmoja wa wale watoto walioanza kupiga makofi.

Leo pale uwanjani pana madarasa mapya. Rubisi bado ipo, lakini mtumbwi wa kukanyagia siuoni tena, na mdundo ule nikiwapigia wanangu kwenye meza wanadhani nina haraka ya chakula. Mwalimu alihama. Bibi alituacha, na mlima mzima ukamsindikiza.

Jirani alifariki akiwa mzee, mimi nikiwa mbali. Nilimpigia simu ndugu yangu aliyebaki Ndama, nikamuuliza mambo yalivyokwenda. Akaniambia watu walikuja kutoka pande zote, mvua ilinyesha, vijana wakapokezana majembe. Nikauliza kama kulikuwa na mjadala wowote wa mahali pa kumzika. Yule ndugu yangu akaniomba nirudie swali.

"Mjadala wa nini?" akasema. "Si alikuwa wa hapa?"