Picha Tatu za Jangwani

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Ghada ni ukimya wake. Mwanafunzi akimletea mchoro, alimpa mtu mwingine ausome, naye akakaa kimya, mikono mapajani, hata kama msomaji amepotea kabisa.

"Mwalimu, huu mchoro unajieleza," alilalamika Idrisa, mwanafunzi wa uzamili anayepima kina cha Mto Msimbazi.

"Unakueleza wewe. Mama ntilie wa hapo chini kauona mshale wako, akauliza huo mkuki wa nani."

Darasa zima likacheka. Ghada hakucheka.

Kabla ya kukodi chumba hiki cha ghorofani, mtaa wa Gerezani, na kuanza kuwafundisha wanasayansi kusimulia utafiti wao kwa picha, alikuwa akichora mwenyewe. Miaka miwili iliyopita alichora bango la tahadhari ya mafuriko, lisilo na maneno, ili asiyejua kusoma naye alielewe. Picha tatu kwa mstari mmoja, kushoto kwenda kulia: familia nyumbani, maji miguuni; familia barabarani, magodoro kichwani; familia imeketi salama shuleni. Alisifiwa sana.

Mvua ilipokuja, bibi yake, Bi Amna wa mtaa wa Jangwani, kando ya Msimbazi, alikimbilia shuleni pamoja na majirani. Asubuhi akaliona bango ukutani. Bi Amna alisomea madrasa tu. Macho yake yalizoea kuanza upande wa kulia.

Jirani yake, Stella, ndiye aliyemsimulia Ghada msibani. "Alinionesha kwa kidole, mwanangu. Hawa wako shule, hawa wamebeba magodoro, hawa wamefika kwao, maji yamebaki ya miguuni. Akasema, 'Mjukuu wangu anasema turudi.' Nikamwambia asubiri. Akanicheka: 'Wewe unazijua picha za mjukuu wangu kuliko mimi?'"

Maji yalirudi adhuhuri, yakamkuta nyumbani.

Tangu siku hiyo Ghada hajachora. Anafundisha tu. Mwezi huu darasa limetengeneza bango jipya, picha zinashuka kutoka juu kwenda chini, na masika yamekaribia. Mwenye mashine ya kuchapa, pale Kariakoo, anasubiri neno lake. Leo baada ya alasiri atakuja kulisoma Bi Sabaha, aliyekaa mkeka mmoja na marehemu madrasani. Ghada hajathubutu kumtazama usoni tangu mazishi.

"Na akikosea?" Idrisa ameuliza.

"Hatakuwa amekosea yeye."

Bango limebandikwa. Waumini wameanza kutoka msikitini. Ghada amefungua mlango, anasikiliza ngazi.