Raheli na Mtungi Uliodhaniwa Kuua

Saa mbili asubuhi, Raheli Petro anajifunika puani kifuniko cha mpira kilichounganishwa na mtungi wa oksijeni na kuvuta pumzi mara tatu. Wodi nzima ya hospitali ya misheni, milimani Kilosa, inamtazama.

"Umeniona nimekufa, baba?" anauliza akikivua.

"Bado," anajibu Mzee Lazaro, mkulima wa Kidete. Hacheki.

Binti yake, Anastazia, ana homa ya mapafu. Midomo yake imebadilika rangi. Daktari ameagiza oksijeni, lakini mzee amekataa. Mwaka jana jirani yake aliwekewa mtungi jioni, akazikwa kesho yake.

"Mtungi ndio uliomchukua," anasema.

Raheli, mhudumu wa wodi mwenye miaka arobaini na mmoja, amezoea kauli hiyo. "Wanamleta mgonjwa akiwa hoi," anaeleza. "Wanaukumbuka mtungi, wanasahau siku tano walizokaa naye nyumbani."

Aliajiriwa kufagia mwaka wa Uhuru, akiwa hajui kusoma. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na watoto watano, alijiunga na darasa la jioni la watu wazima. Humo, katika kijitabu cha afya, alisoma jinsi damu inavyobeba hewa. Akamwomba daktari ruhusa ya kuwaeleza wagonjwa wapya.

"Hii ni sehemu ya hewa ileile unayovuta shambani," anamwambia mzee. "Mapafu ya binti yako yamejaa, hewa ya kawaida haimtoshi. Sindano itapigana na homa, hii itamshikilia. Ila kiko chako kiache nje. Moto hapa ni hatari."

Mzee anatoka, anarudi mikono mitupu, anajaribu kifuniko.

"Kumbe upepo tu."

"Ulitegemea nini, pombe?"

Wodi inacheka. "Haya, mwekee," anasema mzee.

Raheli anainamisha kichwa, anaomba kimyakimya, anamvalisha Anastazia kifuniko, anafungua koki tena. Adhuhuri midomo ya Anastazia imerudi rangi yake. Siku ya tatu ameketi, anakunywa uji na kumgombeza baba yake kwa kuacha mbuzi bila mtu.

Zamani, anasema daktari, karibu nusu ya familia zilikataa mtungi. Mwaka huu wa 1974 zimekataa mbili tu.

Sasa Raheli anataka kupita vijiji vya Ujamaa, watu wakishike kifuniko wakiwa wazima. Ataanzia Kidete Jumapili hii, Mungu akipenda. Mzee Lazaro ameshaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji.

"Nitakivaa mimi kwanza," anasema. "Wote wananijua ni mwoga."