Zima Gari Tusalimie

Ninyi wa nyumbani Tanga, kila nikija likizo mnaniuliza: huko mwisho wa reli unafanya nini hasa? Basi leo nawasimulia safari moja tu, ya kwenda na kurudi, mjionee wenyewe. Na asinicheke mtu, maana hasira zake bado ninazo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimepangiwa kambi moja upande wa Kasulu, na kazi yangu ni kuwakutanisha watu waliopotezana njiani. Mmoja wao alikuwa Mama Keza, Mrundi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Walipokimbia kwao waliingizwa kwenye boti mbili: yeye moja, bintiye Keza na shangazi yake nyingine. Boti hazikutua pamoja. Shangazi akafa kwa homa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe ambako hufiki ila kwa maji, na mtoto akachukuliwa na mvuvi wa pale, Mzee Hamisi, na mkewe. Tulipompata, Keza alikuwa amelelewa kwao karibu miaka miwili.

Tukapatana na Mzee Hamisi amlete Ujiji siku anayoleta dagaa, sisi tumpeleke mama huko huko. Mara ya kwanza kibali cha Mama Keza cha kutoka kambini kilikosa saini. Mara ya pili gari letu lilitufia njiani. Mara zote mbili mtoto alivalishwa nguo mpya, akakaa ufukweni kutwa nzima, akarudishwa analia. Sasa Mzee Hamisi akatuma neno: "Namleta kwa mara ya mwisho. Nikishaswali alasiri hamjafika, narudi naye, na msiniite tena. Mtoto si gunia la dagaa." Alikuwa na haki.

Na gari la kutupeleka? Lile lile! Lilikuwa jipu la zamani, la otomatiki, tuliloachiwa na wazungu fulani waliomaliza mkataba wao. Mkoa mzima mafundi wamezoea magari ya kukanyaga klachi, sisi tukapewa hilo. Ugonjwa wake ni huu: likishapata moto, ukifika mlimani, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele kama inakwenda Dar es Salaam, gari lenyewe limetulia tuli. Gia inateleza. Ukilipumzisha kidogo linakwenda vizuri, unamshukuru Mungu, halafu mlima wa pili mambo ni yale yale.

Alfajiri tuliondoka kambini. Dereva alikuwa Kondo, mtoto wa Ujiji, Mmanyema, mtu mwema kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu mtaona. Mama Keza alikaa nyuma na kifurushi cha nguo alizomshonea mtoto. Alikuwa ameshona za saizi tatu, maana hakujua mwanawe amekuwa mkubwa kiasi gani.

Mlima wa kwanza baada ya Kasulu, gia ikateleza. Kondo akaegesha mbele ya kibanda cha mzee mmoja anayeuza ndizi, akazima injini, akashuka. Nikadhani anakwenda kufungua boneti. Wapi! Alikwenda kumwamkia yule mzee. "Shikamoo, Mzee. Habari za asubuhi? Za nyumbani? Mvua je?" Mama Keza naye akashuka, akainama, akaongeza salamu zake za Kirundi, na yule mzee akamjibu kwa Kiha, na wakaelewana vizuri tu. Salamu zikazaa salamu. Mimi nimekaa kwenye kiti natazama jua linavyopanda.

"Kondo," nikamwambia, "gari unalizima la nini? Si uulize maji ya rejeta, tuondoke?"

"Bi Mwanaisha, mtu mzima humwamkii huku gari linanguruma. Ni kama unamwambia nina haraka, sina shida na wewe."

"Lakini tuna haraka!"

"Ndiyo, ila yeye asijue."

Lahaula! Baada ya salamu ndipo akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili imefika juu kabisa kwenye alama. "Oili ipo tele," akasema. Tukapanda, na gari likapanda mlima kama mbuzi. Kondo akanigeukia anatabasamu. "Umeona? Salamu zina baraka zake." Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Basi hivyo ndivyo tulivyokwenda. Gari linateleza, tunasimama, Kondo anazima, tunasalimia, anapima, oili ipo tele, tunakwenda, linateleza. Kwenye kizuizi cha polisi askari mmoja mwenye mvi alikisoma kibali cha Mama Keza kwa kidole, neno kwa neno, na kabla hajakisoma alitaka injini izimwe na habari za kambi azipate zote. "Kibali ni cha leo tu," akatukumbusha. Nikamwambia, afande, hilo ndilo linaloniua.

Kidahwe tulifika adhuhuri. Hapo Kondo ana shemeji yake fundi, na kama mnavyojua, shemeji hapitwi mlangoni. Gari likazimwa. Maji ya kunywa yakaja, viti vikaja, watoto wakaletwa kutuamkia mmoja mmoja. Mama Keza hata mara moja hakuonyesha uso wa haraka. Alikunywa maji yake, akauliza wazee wa nyumba wanaendeleaje. Nikamnong'oneza, mama, alasiri haitungoji. Akanijibu taratibu, "Dada, mimi ni mgeni katika nchi ya watu. Nikipita bila kusalimu, watasema nimekuja kuiba." Nikanywa maji yangu, lakini sikuwa nimetulia.

Shemeji akapima oili. Ipo tele. Akanusa kile kijiti, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta msiba. "Giaboksi imekufa. Vyuma vya ndani vimekwisha. Tulishushe, tulifungue."

"Itachukua muda gani?"

"Kwanza tulishushe, ndipo tutajua."

Nikasema hapana, tunakwenda hivyo hivyo, hata likitembea kinyumenyume. Kondo akageuza ufunguo. Kimya. Betri nayo, kwa kuzimwa na kuwashwa tangu alfajiri, ilikuwa imesalimu amri. Jamani, nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, mbele ya shemeji wa watu. Vijana wa pale wakaitana, wakaanza kusukuma, haya, hoo, haya, hoo, mpaka mwisho wa kijiji, jasho linawatoka, gari halishtuki. Lori la mihogo likapita, dereva wake akachungulia dirishani akacheka mpaka akakohoa. "Hilo ni otomatiki! Mtasukuma mpaka Kongo na halitawaka!"

Lakini alikuwa na roho nzuri kuliko mdomo wake. Aliegesha lori, akaunganisha nyaya kutoka betri yake, na jipu likawaka. "Sasa," akasema, "msizime. Betri hiyo imeoza. Mkizima tu, mmelala hapo hapo."

Nikamgeukia Kondo, nikamnyooshea kidole. "Umesikia? Hata akitokea babu yako aliyekufa, usizime."

Daraja la Luiche tulilivuka vizuri. Ng'ambo yake, mahali tambarare pasipo na mlima wowote, gia ikateleza tena, safari hii moja kwa moja. Injini inalia, magurudumu yamesimama. Kondo akaweka gia kwenye P, ya kuegesha, akashuka, injini ikiwa inanguruma kwa mara ya kwanza siku nzima, akafungua boneti. Kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna, akachomoa kile kijiti.

Kikavu. Akakipangusa, akarudia. Nchani palikuwa na unyevu mdogo tu, basi.

"Imekwenda wapi?" akauliza. "Hapo Kidahwe si ilikuwa tele?"

"Hapo Kidahwe tulikuwa tumezima," nikasema, na nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Tukatazamana. Kumbe injini ikizunguka, oili inanyonywa yote inakwenda kufanya kazi huko ndani. Ikizimwa inarudi kukusanyika chini, na ukipima unaona imejaa. Sasa hii ilikuwa imepungua, haitoshi kusukuma chochote, na kila tulipozima ilipata nafasi ya kutulia ikatubeba mlima mmoja. Giaboksi haikufa. Ilikuwa na kiu, na sisi tulikuwa tunaipima usingizini. Kondo akalala chini akatazama: bomba moja dogo linalokwenda kwenye rejeta lilikuwa linatokwa na jasho jekundu, tone baada ya tone, pengine tangu siku ya wazungu.

"Wote tulipima," alisema, "mimi, shemeji, hata mafundi wa mjini. Wote tulizima kwanza."

"Kwa sababu ya adabu zenu!"

"Bi Mwanaisha, hata na wewe ulikuwepo."

Nyuma ya gari kulikuwa na dumu la oili nyekundu ya usukani, ambayo hufaa kwenye giaboksi hiyo pia. Tukakata chupa ya maji tukapata faneli, Kondo akamimina kidogo kidogo palepale kinapoingia kijiti, anapima, anamimina, gari linanguruma. Bomba akalifunga kwa mpira wa baiskeli. Mama Keza alisimama kando, macho yako kwenye jua. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anaonyesha haraka.

Kutoka hapo jipu lilikwenda kama si lile. Hata tukavipita vilima vya mwisho sijui saa ngapi. Lakini tulipoingia Ujiji watu walikuwa wanatoka misikitini, kanzu zimejaa njia. Alasiri ilikuwa imeswaliwa. Tukateremka kupitia mtaa wa Kasingirima, Kondo anapiga honi, wazee wanatuangalia kwa mshangao: mtoto wa hapa hapa, anapita bila kusimama!

Ufukweni boti ya Mzee Hamisi ilikuwa imekwisha sukumwa majini. Tulimjua kwa kofia yake ya rangi ya machungwa, kama alivyotueleza mjumbe aliyeleta neno lake. Alikuwa amesimama nyuma, mwenzake anapiga kasia wapate kina cha kuwashia mashine. Na mbele, juu ya magunia matupu, amekaa mtoto wa kike mwenye gauni la njano, ameipa mgongo nchi kavu. Ametazama ziwa tu. Amekwisha kata tamaa na ufukwe ule.

Mama Keza akaruka kabla gari halijasimama. Kinamama wanaoanika dagaa walimpa pole ya safari, asiwajibu. Yeye, aliyemsalimu kila mtu tangu alfajiri! Akaingia majini na viatu, na kitenge, mpaka magotini, mpaka kiunoni. Akaita. Jipu letu lilikuwa nyuma yake palepale kwenye mchanga, bomba la moshi limetoboka, linanguruma kama mashine ya kusaga. Akaita tena. Mimi niliyekuwa karibu sikumsikia, ataweza mtoto?

"Kondo!" mama mmoja wa dagaa akafoka. "Hebu zima hilo dude lako!"

Kondo akaniangalia. Nilijua anauliza nini. Tukizima haliwaki, na kibali ni cha leo tu, na mimi ndiye niliyekataza. Nikamwitikia kwa kichwa, na yeye akageuza ufunguo.

Ufukwe mzima ukawa kimya. Na katika kimya kile Mama Keza akaita, akilivuta jina, vile mama anavyoita uani mtoto aje kula kabla giza halijaingia: "Keeezaaa! Keeezaaa!"

Mgongo wa njano ukanyooka. Mtoto akageuka. Alimtazama mama yule aliye majini kwa muda, hajacheka, hajalia. Kisha akainuka juu ya magunia akasema kwa Kiswahili cha Mwamgongo, kwa sauti ya kulaumu kabisa, "Mbona umechelewa?"

Mzee Hamisi mwenyewe ndiye aliyegeuza boti. Alimbeba Keza begani mpaka kwa mama yake, na alipomkabidhi alibaki ameshika kiatu kimoja cha mtoto, hajui akiweke wapi. Mkewe alikuwa hakuja. Alimtuma na fungu la samaki wakavu wa migebuka na neno moja: wasimnyime mtoto uji asubuhi, ndio anaoupenda. Mama Keza akalishika neno lile kwa mikono miwili kama kitu cha kubebwa.

Jipu halikuwaka, bila shaka. Tulilala kwa shangazi yake Kondo palepale Ujiji, na asubuhi tukaazima betri kwa jirani. Njia nzima ya kurudi gia haikuteleza hata mara moja. Keza alilala mapajani mwa mama yake, amevaa gauni la saizi kubwa kuliko zote tatu, na bado lilikuwa fupi.

Kwenye kizuizi yule askari mwenye mvi alituona kwa mbali. Kibali chetu kilikuwa kimekufa tangu jana. Kondo akapunguza mwendo, injini inanguruma, mkono wake uko mbali na ufunguo, ananitazama kwa pembe ya jicho. Betri ya kuazima, mlima mbele, na mimi ndiye niliyemtukana kutwa nzima.

Nikafungua mlango. "Zima gari, Kondo," nikamwambia. "Tusalimie."