Ajuza Asiye na Jina

Siku moja ya ujana wangu kule Didia haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na tangu jana nilipomaliza kusoma riwaya yako imekuwa ikinisumbua. Nitakusimulia hiyo kwanza. Maoni yangu utayapata, usiwe na haraka.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, jina lake Holo. Mchana majirani walikuja uani kwetu kumenya karanga, nami niliwasomea hadithi, maana wengi hawakujua kusoma. Siku hiyo nilikuwa na riwaya mpya niliyoazima mjini. Ndani yake mlikuwa na ajuza mwenye macho mekundu, aliyewaroga wajukuu wake, na mwishoni vijana wa kijiji wakamjia na mapanga. Nilisoma kwa mbwembwe zote. Alipouawa, wanawake walipiga makofi.

Bibi hakupiga. Macho yake nayo yalikuwa mekundu, kama ya wazee wengi wa kwetu, kwa sababu kuni ni adimu na maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukimwingia. Mimi nilikuwa nimeyazoea, hata sikuyafikiria. Kesho yake Mama Kulwa, jirani wa mlango wa pili, akawakataza wanawe kunywa maji kwetu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwetu neno "mchawi" likimwangukia mwanamke mzee, panga halikawii, na niliogopa.

Nikataka kukichoma kitabu. Bibi akanizuia.

"Kitabu hukichomi. Waite tena uwasomee sura ile ile. Ila huyo ajuza hana jina. Mpe langu."

Nikasoma. Kila palipoandikwa ajuza, nilisema Holo. Holo akaamka, Holo akafagia uwanja. Mwanzoni walicheka, wakidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Vijana walipofika mlangoni kwa Holo, hakuna aliyekuwa akimenya karanga tena.

"Basi, acha hapo," Mama Kulwa akaniambia. "Mayu huyu, mama yetu, ndiye aliyenizalisha Kulwa na Doto."

"Mwache amalize," Bibi akasema. "Jana mlipiga makofi."

Hawakukubali nimalize. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Jioni ile watoto wa Mama Kulwa walikuja kunywa maji. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee, kitandani kwake. Si wote wa rika lake walioondoka hivyo.

Sasa riwaya zenu. Nawapenda waandishi wa siku hizi kuliko wanavyowapenda wenzangu hapa Kambarage, wanaolalamika kwamba mmeharibu lugha. Enzi zetu riwaya ilituhubiria mpaka ukurasa wa mwisho. Ninyi mnatuachia tuamue wenyewe. Wachimbaji wako wa Bugarama nimewasikia wakihema ndani ya duara, lile shimo lao la dhahabu, na yule mke anayesubiri simu ya mumewe nimemlilia, wala sioni haya kusema. Lakini mnaharakisha. Kisa kikiwashinda kukifunga, mnamwita mwanamke: akiwa mzuri ni tapeli, akiwa mzee ni mchawi. Nimesoma nyingi za namna hiyo, hata nikifungua kitabu kipya namtafuta kwanza ajuza, nijue atafia ukurasa gani. Na wewe, dhahabu ilipopotea, ukamleta huyo huyo wa macho mekundu. Sidhani una roho mbaya. Ulikuwa umechoka, na yeye alikuwa karibu.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaipeleka kuchapishwa, mpe yule mama jina, mpe watoto, mpe na mtu wa kumlilia. Ukiona bado lazima afe, muue. Mwandishi ni wewe. Ila uende kijijini kwanza, ukaisome kwa sauti mbele ya mama yako, anayeishi peke yake katikati ya watu watakaoinunua.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usio na pupa. Wasomaji wako wawe wengi, na mama yako azeeke salama miongoni mwao.