Mafuta ya Kuku Yameisha

Juzi jioni nilikuwa kwa muuza chipsi mmoja Mtaa wa Msimbazi, nasubiri sahani yangu. Akaja mama mmoja aliyevaa baibui safi, akatoa chupa tupu ya maji kwenye pochi.

“Nipimie mafuta uliyokwisha kukaangia,” alimwambia muuzaji kwa sauti ya chini. “Ya kuku, kama yapo. Nikiungia maharage, watoto wanasikia harufu ya kuku.”

Nilishtuka, nikadhani muuzaji naye atashtuka. Wala. Alifuta mikono kwenye aproni.

“Ya kuku wenzako wamekuwahi, mama. Yamebaki ya samaki.”

Mama akaisogeza chupa mbele.

Redioni wanatuhimiza tubane matumizi. Sijui hapa pamebaki pa kubana wapi. Kwenye kabati la kioo, kuku wenyewe walikuwa bado wamejaa.