Nilimfunza Dada Adabu za Maskati, Mji Nisiowahi Kuukanyaga

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kugawana naye. Nina shahada, nina mvi, na naandika makala ambazo Waswahili wachache wa hapa Toronto huzisoma kwa kunihurumia. Lakini ya Maskati, jamani, sikuyajua!

Uarabuni nimefika, ndiyo. Nilibadilisha ndege. Niliona sakafu inayong'aa, nikanunua tende, nikaondoka. Kwa tende zile nikajipa cheo cha mtaalamu, na kila mtu wa mtaa wetu wa Dixon aliyeelekea Ghuba aliletwa kwangu apewe nasaha. Nami nikazitoa!

Safari hii alikuwa dada yangu mkubwa. Ni mjane, na alikuwa anakwenda Oman na mwanawe wa pekee, Idi, kumposea binti aliyesoma naye hapa kisha akarudi kwao. Idi alikuwa hali wala halali kwa kumuwaza.

Nilianza vizuri. Vaa nguo za kusitiri. Beba cheti cha daktari cha dawa zako za presha. Usipige watu picha bila kuwaomba. Pokea kwa mkono wa kulia. Ningenyamaza hapo! Lakini dada alinitazama kwa heshima ambayo hajanipa tangu tuzaliwe, nikanogewa.

"Na usisifu kitu," nikasema. "Ukisifu zulia, watakufungia zulia uondoke nalo. Aibu!"

"Hata chakula?"

"Chakula ndiyo kabisa."

"Na kahawa?"

"Usikatae. Wakimimina, kunywa. Wataacha wenyewe."

Wataacha wenyewe! Nililitoa wapi hilo, Mungu anajua.

Huko Maskati, wenyeji wake asili yao ni Unguja, na Kiswahili chao kinatushinda. Wakampikia biriani, dada kimya. Wakamtembeza nyumba, akatazama dari, akakumbuka dari nayo haisifiwi, akatazama miguu yake. Binti akaletwa, hina hadi viwikoni. Dada akamkagua kama tiketi. Kahawa ikamiminwa, akanywa, ikamiminwa tena, akanywa tena, mpaka birika likakauka.

Binti akakimbilia jikoni kulia. Baba yake akamwambia Idi posa isubiri kwanza.

Idi akanipigia nikiwa kwenye treni ya kwenda mjini. "Anko! Umemfundisha nini Mama? Watanikatalia!"

Nikajifanya mtandao mbovu. "Halo? Halo?" Nikakata. Na hilo pia naliungama.

Aliyeokoa jahazi ni mama wa binti, Bi Zuwena. Alimvuta dada pembeni. "Mwenzangu, niambie kweli. Binti yetu ana kasoro gani?"

"Hana! Mzuri huyo, mpaka nimeumwa kichwa kwa kunyamaza!"

"Sasa mbona umetununia?"

"Mdogo wangu kaniambia nisisifu. Ni msomi."

"Kaishi huku?"

"Kapita uwanja wa ndege."

Nasikia walicheka mpaka wakashikana. Posa ikapokelewa. Mimi, niliyekwisha kuandika hotuba ya harusi yenye vichekesho vyake, nikavuliwa usemaji. Amepewa jirani yetu wa zamani aliyehamia Pickering, mtu anayekohoa kabla ya kila sentensi. Naumia!

Dada aliporudi na Idi, akaniita kwake. Bi Zuwena alikuwepo kwenye simu ya video, kaegemezwa kwenye kopo la sukari. Dada akanimiminia kahawa, kikombe kidogo, chungu kwelikweli. Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina.

"Imetosha, dada."

Akamimina.

"Dada, moyo wangu!"

"Si wataacha wenyewe?"

"Mwongeze mtaalamu," ikasema simu.

Idi akanionea huruma. Akachukua kikombe chake kitupu, akakitikisa kidogo, kushoto na kulia. Nikaiga. Papo hapo dada akaweka birika chini.

"Ndivyo mgeni anavyosema imetosha," akasema Bi Zuwena. "Ungeuliza tu, baba."

Ndugu zangu mnaosafiri, waulizeni waliokaa huko, wakapika, wakaugua, wakazika. Msimuulize aliyenunua tende. Na wewe uliyenunua tende, nakusihi, funga mdomo! Utavunja nyumba ya mtu kabla haijajengwa.

Juzi jirani mwingine kaniuliza kuhusu Kuwait. Nilikuwa na majibu matamu, jamani, matamu! Nikatikisa kikombe changu cha chai, kushoto na kulia, nikanyamaza.