Mpini wa Chini

Anselm wa Lusu alirudi kutoka mkonge wa Tanga na kitu kimoja tu cha maana: msumeno wa kupasulia mbao, mrefu kumzidi yeye, ule wa kuvutwa na wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni chini yake. Miaka sita ya kukata mkonge ilikuwa ndani ya chuma kile. Aliubeba begani toka stesheni ya Tabora mpaka kwake Isevya, ukimchezacheza mgongoni, watu wakampisha. Ulikuwa mwaka wa pili tangu askari warudi kutoka Burma.

Siku ile ile akatokea Mfaume. Huyu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Reli ikamwacha, yeye Tabora hakuiacha. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zao wakibeba mizigo njia ya Pwani. Akauzunguka msumeno, akaushika mpini wa chini.

"Mtani, huu una mipini miwili. Umenunua na wangu bila kuniuliza?"

Watu walicheka. Anselm hakucheka. Alikuwa ameapa ndani ya treni kwamba kazi hii ataianza peke yake. Baba yake aliwahi kufuga ng'ombe kwa ushirika na jirani, na wawili hao walikufa hawasalimiani. Tena mshirika akiwa mtani ndiyo balaa zaidi. Mtani akichukua chako huna pa kushtaki. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Mkewe Getruda alimwambia neno moja tu, kwamba msumeno wa namna ile haujui mtu mmoja. Akamjibu wa chini ataajiri.

Akachimba shimo pembeni ya njia ya zamani ya misafara, akalaza miti miwili juu yake, akapata kazi ya kwanza: mbao za mninga za milango ya kanisa la kwao Lusu. Akiimaliza, jina limepatikana. Ikimshinda, atauza msumeno na kurudi mkonge.

Chini ya shimo akamweka Silasi, mrina asali wa Usinge. Silasi alivuta kama kibarua wa kutwa. Akichoka aliacha mikono ining'inie, na msumeno ukaukimbia mstari. Anselm alimsema asubuhi, akamsema jioni. Siku ya tisa, gogo likiwa limepasuliwa nusu na msumeno ungali ndani yake, Silasi alipanda akijifuta vumbi machoni, akasema anakwenda kutazama mizinga yake. Hakurudi.

Kesho yake mchana ikanyesha mvua ya kwanza, fupi. Ukingo mmoja wa shimo ukalegea, mti ukadidimia, gogo likageuka kidogo. Kidogo hicho kilitosha. Mpasuo ukajifunga, ukauma msumeno katikati. Anselm alivuta kwa juu, haukutikisika. Wingu la pili lilikuwa linakuja. Gogo likigeuka tena, chuma kitapinda, na msumeno uliopinda ni wa kufulia visu.

Akashuka na nguzo. Akaisimamisha chini ya upande ulioinama, akatia bega, akasukuma. Mpasuo ukafunguka upana wa ukucha. Lakini akiwa chini anaufungua, juu hakuna wa kuvuta. Akiachia apande, unajifunga. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu udongo ulimwagika shingoni, akasikia gogo linalia juu ya kichwa chake.

Ndipo miguu ya mtu ikaonekana ukingoni.

"Shikamoo, mwenye msumeno." Alikuwa Mfaume. Akachuchumaa. "Nimeambiwa kuna mtani wangu nije nimzike, nikadhani nitachimba. Kumbe umejichimbia."

"Vuta."

"Nivute msumeno wa nani?"

Anselm akasukuma tena. Bega lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imeanza tena, na maji yalimfika vifundoni. Mfaume naye hakuwa anacheka sasa; alikuwa anautazama mti uliodidimia.

"Toka, mtani. Kiache hicho chuma."

"Sitoki."

"Basi sema wa nani."

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Alilitoa kama mtu anayechomoa mwiba.

"Wetu."

Mfaume akaokota kabari pembeni ya shimo. Aliipiga kwenye mpasuo mara mbili, akasimama juu ya gogo, miguu wazi. Akamwambia autoe mpini wa chini, maana ukiwamo msumeno haupandi. Anselm akaachia mkono mmoja, akagonga kwa jiwe, mpini ukamwangukia kifuani. Akasukuma kwa bega. Wa juu akavuta. Chuma kikapanda mbele ya macho yake, jino baada ya jino, mpaka pakabaki mwanga mahali kilipokuwa.

Alitoka kwa magoti, mpini mkononi. Hakuwa amesimama vizuri gogo lilipoanguka shimoni, pale pale alipokuwa.

Mfaume akamtwisha msumeno begani. Kisha akamnyang'anya mpini, akautia kwapani.

"Wewe lala na wako. Mimi nalala na wangu."

Akaenda zake na mvua yake. Mtani kachukua, utashtaki wapi.

Nyumbani Anselm aliuliza nani aliyemwita yule. Getruda alikuwa anamkamulia shati.

"Nilimfuata mzikaji wako," alisema. "Nikamwambia awahi."

Asubuhi Mfaume alifika shimoni wa kwanza, na mpini. Gogo walilitoa kwa ng'ombe, siku mbili. Milango ilichelewa, watu wa kanisa walinung'unika, lakini ilisimama. Toka hapo walipokezana, asubuhi huyu juu, mchana yule. Waligombana sana. Jioni msumeno ulikwenda kwa Anselm, mpini kwa Mfaume, na hakuna aliyeweza kupasua hata ubao mmoja bila mwenzake.

Miaka kumi na mbili ikapita hivyo. Siku Getruda alipozikwa, watu walingoja utani wa Mfaume pale kaburini, maana ndiyo haki yake. Hakusema kitu. Baadaye alikuja na mpini, akauegemeza kwenye msumeno, akakaa. Usiku ule vyote viwili vililala nyumba moja.